Ruth Sakaya na Mkasi wa Bati wa Elerai

Aliyelala mbele yetu leo, Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, ni Ruth Sakaya Akyoo, Mama Hans, ambaye ninyi wengi mliotoka mjini mlimjua kwa jina la Mama Mkasi. Wasifu huu nimeuandika mimi wifi yake, Eunike Akyoo, dada mkubwa wa marehemu mume wake Sifaeli. Ni Ruth mwenyewe aliyechagua mwandishi. Alisema, "Wifi, andika wewe. Wewe unakumbuka na huogopi watu." Kisha akasema kwamba kama mambo ya mkasi hayatatajwa, afadhali usisomwe kabisa, waimbe tu.

Basi yatatajwa. Kuna jambo moja alilolishikilia hadi pumzi ya mwisho. Alitaka mkasi wa kukatia bati alioachiwa na mume wake uende kwa binti yake Irine, na uende kwa neno la wazee wa ukoo, mchana, watu wakisikia. Hakutaka binti yake aushike kwa kunyamaziwa kama alivyoushika yeye. Tutafika huko. Tuanze alikotoka.

Ruth alizaliwa tarehe 14 Aprili 1954 hapahapa Akheri, Meru, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Sakaya na Mama Anande, ambao wote wametangulia. Alibatizwa mwaka huohuo katika usharika wetu. Ilikuwa masika makubwa. Mama Anande alizoea kusimulia kwamba paa la majani lilivuja hadi kitandani, ikabidi mzazi na mtoto wahamishwe kona hii na ile kama kuku na kifaranga chake. Kahawa ya mwaka 1960 ilipolipa vizuri, Mzee Sakaya alinunua bati. Siku mafundi walipoezeka, Ruth alikuwa na miaka sita. Alikaa chini ya mgomba tangu asubuhi akitazama wanavyokata, akakataa kwenda kula. Mama yake alimwita mara nyingi, mwisho akamletea ndizi palepale. Wavulana walikusanya vipande vilivyoanguka wakatengeneza magari. Ruth alikusanya vyake akavipanga kuanzia kidogo hadi kikubwa, akavitazama tu.

Alianza shule ya msingi ya hapa kijijini mwaka 1963, akapata kipaimara mwaka 1968, na mwaka 1969 akamaliza darasa la saba. Hesabu zilimwingia, imla ilimpa taabu. Siku ya kazi za mikono wavulana walipewa misumari na mbao, wasichana vitambaa. Mimi na Ruth tulisoma darasa moja, na mwalimu wetu wa kushona alikuwa Mwalimu Agnela, mama mkali aliyependa usafi kuliko chakula. Siku moja aligawa mikasi tukate vitambaa vya kudarizi. Sote tulikata kama mbuzi anayekula majani, kipande hiki kimeingia, kipande kile kimetoka. Kitambaa cha Ruth kilitoka kimenyooka. Mwalimu akamsimamisha.

"Ruth, umetumia rula?"

"Hapana mwalimu."

"Sasa umefanyaje?"

"Sikufunga mkasi mpaka mwisho, mwalimu. Ukifunga mpaka mwisho unang'ata. Ukiacha kidogo, unaendelea kutembea."

Mwalimu Agnela alimtazama, akasema, "Kaa chini, fundi." Darasa zima likacheka, na jina la fundi likabaki naye mpaka anaolewa. Nafasi za sekondari wakati ule zilikuwa za kuhesabu. Ruth hakuchaguliwa, na sikumwona akilia. Alirudi shambani kwa baba yake, akachuma kahawa, akauza ndizi Tengeru, akaimba kwaya sauti ya pili.

Mdogo wangu Sifaeli alikuwa amekwenda mjini kujifunza kazi kwa fundi wa Kihindi aliyekuwa na karakana ya bati jirani na soko. Mzee yule alipofunga duka mwaka 1973 ili aende kuishi na watoto wake ng'ambo, alimpa Sifaeli mkasi wake mkubwa. Ni mkasi wa chuma cha zamani, mzito, urefu wake toka kiwiko mpaka ncha ya vidole, na mipini yake imeng'aa kwa viganja vya watu ambao hatuwajui. Sifaeli aliutembeza kijiji kizima kama mtu aliyenunua ng'ombe. Alipofika kwa Mzee Sakaya kutengeneza keni za kumwagilia miche ya kahawa, Ruth alisimama kando akamwangalia anavyokata, kisha akamwambia, "Unafunga mpaka mwisho. Ndiyo maana bati lako lina meno." Sifaeli alirudi nyumbani akaniambia, "Dada, nimetukanwa na msichana wa Mzee Sakaya." Nilimuuliza amekasirika? Akasema, "Hapana. Nataka kumwoa." Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 20 Desemba 1975 katika kanisa letu la Akheri. Mungu aliwapa watoto watatu, Hans, Rodrick na Irine.

Walihamia mjini, Elerai, wakapanga chumba chenye kibaraza, na kibarazani wakaweka meza. Hiyo ndiyo meza mnayoijua. Pale walitengeneza ndoo, makarai, masanduku ya wanafunzi, mabomba ya moshi, na zaidi ya yote mifereji ya kukingia maji ya mvua. Mwanzoni Ruth alishika ncha ya bati tu. Kisha akaanza kulehemu. Kisha Sifaeli akipata homa alikata yeye, na wateja wakaanza kuuliza, "Hili amekata nani?" Wakiambiwa ni mama, wengine waliliacha. Wiki iliyofuata walirudi kulichukua.

Sifaeli alifariki tarehe 9 Septemba 1991 kwa ugonjwa wa mapafu. Irine alikuwa na miaka sita. Hapa nitasema wazi, na wazee mliopo mnisikie kwa upole. Desturi yetu mnaijua. Siku ya kuanua matanga, vyombo vya kiume huenda kwa mwanamume wa damu. Wazee walikaa, wakampa mdogo wetu Eliasi koti la marehemu, fimbo, panga na ule mkasi. Hawakufanya kwa ubaya. Kwao mkasi ulikuwa kama panga, na nani alishawahi kumwachia mjane panga la mumewe? Ruth alikuwa ameketi mkekani na nguo nyeusi. Alisema, "Nimesikia, wazee wangu." Halafu akamgeukia Eliasi.

"Shemeji, nakuomba kitu kimoja. Siku ukitaka kuunoa, uje kwangu kwanza."

Eliasi wakati ule alikuwa kijana mwenye maneno. Akamjibu, "Shemeji, kunoa ni kunoa. Hata kisu cha jikoni kinanolewa."

Eliasi yupo hapa, amevaa koti la kijivu, na ameniruhusu nisimulie. Aliutia mkasi ndani ya mfuko akaenda nao sokoni kwa watu wenye mashine ya kunolea inayozunguka. Akawaambia, "Nataka uwe kama wembe." Wakaufanya kama wembe. Cheche ziliruka, chuma kikageuka rangi ya buluu, wakanoa nje, wakageuza wakanoa na ndani. Alirudi nyumbani anang'ara uso. Akamwita mkewe, akanyoa nywele za mkono wake mwenyewe kwa ule mkasi mbele ya majirani. Watu wakapiga makofi. Siku ya pili akaweka bati. Mkasi ukafunga, na bati halikukatika. Lilijikunja likalala katikati ya bapa mbili za mkasi kama chapati. Akajaribu tena, likajikunja tena. Jirani yake mmoja akapita akamuuliza, "Fundi, leo unakata bati au unakunja sambusa?"

Wasiojua kazi hii wanaweza kuuliza kosa liko wapi. Ruth alitueleza mara nyingi hata sisi tusiotaka kujua. Mkasi wa bati si kisu. Kisu kinataka ukingo mwembamba. Mkasi wa bati unataka ukingo mnene uliosimama karibu wima, kama ukuta uliolalia nyuma kidogo tu, kwa sababu ukingo mwembamba ukikutana na bati unavunjika. Na ule uso wa ndani, pale bapa mbili zinapopishana, haunolewi kamwe. Ukiula huo, bapa zinaachana, na kwenye ile nafasi ndimo bati linapoingia na kujikunja. Tena ile rangi ya buluu maana yake ni kwamba chuma kimeungua na ugumu wake umetoka. Eliasi alikuwa amefanya yote matatu kwa siku moja, na akalipia.

Ruth hakujua. Alibaki Elerai na meza isiyo na mkasi. Aliendelea kulehemu na kukunja, lakini kukata alikatiwa na mafundi wa jirani, nao humaliza zao kwanza. Mteja anayesubiri mfereji huku wingu linashuka Meru hasubiri sana. Watu wa nyumbani walimshauri afunge, arudi Akheri alime. Mama yake mwenyewe alimshauri hivyo. Ruth alisema, "Nikirudi Akheri nitakuwa mjane. Hapa ni fundi." Akabaki.

Mwaka 1993 nilikwenda kwa Eliasi kumjulia hali mkewe aliyejifungua. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nikaona mlango wa banda la kuku umezuiwa na chuma. Nikainama. Ni ule mkasi, una kutu, na juu yake kuku wamefanya mambo yao. Nilipanda gari nikaenda Elerai nikamwambia wifi yangu. Aliacha lehemu motoni, akajifunga kanga, tukarudi pamoja siku hiyohiyo.

"Hodi, shemeji. Nimekuja kuuliza ule mkasi."

Eliasi akakuna kichwa. "Ule? Ule umekufa, shemeji. Unakata hewa tu."

"Basi nipe maiti."

"Wa nini? Unataka kwenda kuuzika?"

"Nataka kwenda kuuamsha."

"Wee! Wenye mashine walishindwa, utaweza wewe na tupa?"

"Wenye mashine hawakushindwa, shemeji. Wao ndio waliouua."

Eliasi alicheka, akaufungua mlango wa banda, kuku wakatoka mbio, akampa. Alimpa hivyo hivyo, mbele ya kuku na mbele yangu. Hakuna mzee aliyekuwepo, hakuna neno lililosemwa. Liwekeni hilo akilini.

Aliufanyia kazi tangu majira ya kupalilia hadi tulipoanza kuchuma kahawa. Kwanza aliulaza ndani ya mafuta ya taa mpaka nati ikakubali kufunguka. Akatenganisha bapa, akasugua kutu kwa jivu na gunzi la mahindi, taratibu, hakutaka kukwaruza. Kisha akachukua kipande cha kioo cha dirisha, akakibandika msasa laini, akaweka uso wa ndani wa bapa juu yake akausugua mpaka ukawa sawa kama maji yaliyotulia ndani ya beseni. Hiyo peke yake ilichukua wiki nyingi. Baada ya hapo ndipo akaingia kwenye ukingo. Alibana bapa kwenye jiliwa, akasukuma tupa kwenda mbele tu. Hakuivuta kurudi. Akifika mwisho anainyanyua, anarudi kuanza upya, kwa pembe ileile. Alikula chuma chote kilichoungua mpaka rangi ya buluu ikaisha. Mkasi ukapungua unene, ndiyo, lakini ukabaki chuma chenye akili.

Watu waliopita Elerai walimcheka. Fundi mmoja wa milango alimwambia, "Mama Hans, nunua mpya, unajitesa." Alimjibu bila kuinua macho, "Mpya atanoa nani?" Mwingine alisema anatengeneza mkasi wa kukatia ndevu za malaika. Nilipomuuliza kama hachoki, alisema, "Wifi, nachoka kila siku. Kesho yake chuma kimebaki kidogo zaidi."

Mwisho alirudisha bolti na nati, na hapo ndipo penye siri kubwa ya mkasi. Ukikaza mno, mkono unakufa ganzi. Ukilegeza, bapa zinaachana. Alikuwa anashika mpini mmoja juu na kuuacha wa pili ushuke wenyewe. Alisema ushuke kama mtu mzima anavyokaa kitini, asianguke wala asigande hewani. Alikaza, akalegeza, akaongeza washa, kile kipete cha chini ya nati, akaitoa. Siku uliposhuka alivyotaka, alichukua kipande cha bati jipya akakikata mbele yetu toka mwanzo hadi mwisho. Bati liliachana bila kutoa ndevu hata moja. Alipangusa mkasi, akaupaka mafuta, akaniambia, "Sasa nipe chai."

Tangu siku hiyo meza ya Elerai haikulala. Mifereji yake iko Njiro kwenye nyumba za kuta ndefu, iko Moshono, na iko kwenye kanisa hili mnaloliona. Mkasi haukuwahi kuazimwa. Kulikuwa na bwana mmoja wa Njiro, mteja mzuri, aliyesimamisha gari akasema, "Mama, niazime mkasi mara moja nikate waya wa uzio."

"Waya una koleo lake, baba. Huu umeolewa na bati."

"Hata dakika moja?"

"Wewe mke wako unamwazima dakika moja?"

Bwana yule alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Alirudi mara nyingi, na leo ametuma rambirambi. Bati kuukuu lililotolewa kwenye paa, Ruth hakulikata kabla ya kulipapasa lote kwa kiganja akitafuta msumari. Mkasi haukulazwa kwenye saruji, haukupigwa nyundo, na hakuna jioni aliyofunga kazi bila kuukung'uta na kuupaka mafuta. Watoto wake wamesoma kwa mkasi huo. Hans amefika chuo kikuu. Rodrick ana leseni ya magari makubwa. Mwaka 2009 Irine, akiwa mtu mzima na ameshaacha kazi ya duka aliyoichoka, alikuja mezani akamwambia mama yake, "Nifundishe." Ruth alimpa tupa kwanza. Mkasi aliushika baada ya mwaka mzima.

Mwaka 2022 Ruth aligundulika ana ugonjwa wa kisukari. Mwezi wa Oktoba 2023 alipata kiharusi kidogo, mkono wa kulia ukapoteza nguvu. Wengi tulidhani atakaa nyumbani. Alikaa, lakini kibarazani, juu ya kigoda, kando ya Irine, akisikiliza. Nasema akisikiliza kwa sababu macho nayo yalikuwa yamepungua. Irine akikata, yeye anasema, "Nati imelegea." Irine anatazama, kweli imelegea. Alimfundisha hivyo, kwa sikio, na Irine akinoa alimwekea kidole juu ya ukingo wa bapa ili mama apapase na kusema, "Bado," au "Acha hapo."

Figo zilipoanza kusumbua, alijua. Novemba mwaka jana aliniambia nimwitie Eliasi. Alikuja Elerai, nami nilikuwepo, na Irine alikuwepo, na haya ndiyo maneno yao.

"Shemeji, huu mkasi ni wa nani?"

"Si wako? Unautumia miaka yote hii."

"Sikukuuliza nani anautumia. Nimekuuliza ni wa nani."

Eliasi akautazama mkasi. "Kwa neno la wazee, ni wangu."

"Ahsante. Mimi nimekutunzia. Sasa nataka umpe Irine kwa mdomo wako, kikaoni, wazee wakiwepo."

"Irine ameolewa, shemeji. Kesho wakwe zake watasema ni wao. Chombo cha ukoo wetu kitakuwa Moshono kinakata mabanda ya kuku ya watu."

"Kikikata mabanda ya kuku kinaishi. Kwako kilizuia mlango wa banda."

Tulicheka wote, hata Eliasi, mpaka Irine akalazimika kwenda kumletea mama yake maji. Lakini Eliasi hakukubali. Alisema, "Nitafikiri." Si mtu mbaya. Aliogopa kuonekana mtu wa kwanza kumpa binti aliyeolewa chombo ambacho wazee walimpa mwanamume. Nilimwambia Ruth amwachie Irine tu, nani atakuja kuuchukua? Alinikatalia katakata. Alisema, "Miaka thelathini na zaidi nimekata kwa mkasi wa mtu. Kila kikao cha ukoo nimekaa nikisubiri mtu auulize. Irine hatakaa hivyo."

Sikukuu ya Krismasi aliuliza, "Eliasi ameshafikiri?" Nikasema bado. Mwaka mpya akauliza. Alipolazwa hospitali mwishoni mwa Januari akauliza. Wauguzi walidhani Eliasi ni mtoto wake. Jumamosi tarehe 8 Februari nilikuwa kitandani kwake, sauti imekuwa ndogo. Akauliza tena, nikamwambia bado. Akasema, "Basi usichoke kumuuliza, wifi." Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa ya ibada ya kwanza, akafariki dunia akiwa na watoto wake wote watatu. Alikuwa na miaka sabini.

Sikuchoka. Nilimuuliza Eliasi msibani Jumapili, nikamuuliza Jumatatu mbele ya mkewe, Jumanne akanikwepa nikamfuata shambani. Juzi Alhamisi wazee wa ukoo walikaa hapa nyumbani Akheri kupanga mazishi na mambo ya marehemu. Irine aliuleta mkasi umefungwa kwenye kitambaa chake cha mafuta, akauweka mezani, akarudi kukaa kwa wanawake. Wazee waliuliza watoto wa kiume kwanza, kama inavyopasa. Hans alisema angependa ukumbusho, lakini si huo, huo una kazi. Rodrick alisema yeye mkono wake ni wa usukani. Kisha kila mtu akamtazama Eliasi.

Eliasi alisimama. Mkononi alikuwa na jani la sale, amelichuma asubuhi mpakani mwa shamba, kama tunavyofanya sisi watu wa mlima mtu anapoomba msamaha. Alisema, "Wazee, mwaka tisini na moja mlinipa mkasi mzima. Mimi nilimrudishia shemeji maiti, tena nilimrudishia kwenye banda la kuku. Aliuamsha peke yake, na hata hivyo hakusema ni wake. Alisubiri neno langu na mimi nilikuwa nafikiri. Amekufa nikiwa nafikiri." Hapo akaligeuzageuza lile jani mkononi. Mzee mmoja akamwuliza, "Sasa unasemaje?" Akasema, "Nasema ni wa Irine. Si wa mume wake, si wa wakwe zake, ni wake. Siku akiacha kazi ataurudisha hapa mezani, nasi tutamtafuta mtoto mwingine wa ukoo anayejua, awe wa kike awe wa kiume." Wazee wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Imepita."

Ndipo Eliasi akaenda mezani, akaufungua ule mkasi, akalifunga jani la sale kwenye bapa zake, akamkabidhi Irine kwa mikono miwili. Irine alipiga goti akaupokea. Kisha akanyanyua macho.

"Baba mdogo, nashukuru. Nimepokea msamaha wako kwa niaba ya mama. Lakini hili jani lina umande."

Akalifungua jani palepale, akalitoa. Akachukua kile kitambaa, akapangusa bapa ya juu, akapangusa ya chini, akafungua mkasi akapitisha kitambaa mpaka kwenye bolti, wazee wote wakisubiri. Alipomaliza aliushika mpini mmoja juu akauacha wa pili ushuke. Mkubwa wa wazee alianza kucheka, machozi yakamtoka, akasema, "Fungeni kikao, huyu ni mtoto wa Ruth." Jani lile ndilo mnaloliona leo juu ya jeneza. Limewekwa na Eliasi mwenyewe.

Marehemu ameacha watoto watatu: Hans wa Njiro, Rodrick wa Babati na Irine wa Moshono, wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Ameacha ndugu zake wanne wa tumbo moja, shemeji yake Eliasi, mimi wifi yake, kwaya ya wanawake aliyoiimbia sauti ya pili tangu usichana, na majirani wa Elerai ambao wamefunga kazi zao leo kumsindikiza. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, baba mchungaji, na wote mliokuja kwa miguu na kwa magari.

Mungu aliyempa Ruth mkono ule amemwita aupumzishe, na sisi tunamwachia kwa moyo mnyofu. Masika yako karibu. Wenye mifereji iliyoagizwa, meza ya Elerai inafunguliwa Jumatatu asubuhi. Mwulizeni Irine, mkasi ni wake.